Dola 24,000 na daftari la karani

Kama unajaza ombi la ruzuku kwa ajili ya programu huria uliyoiandika, na umefika pale wanapouliza utawafikia watu wangapi, naomba usimame kidogo kabla hujaandika namba. Mimi niliandika 50,000. Niliiandika usiku, nyumbani Mamboleo hapa Kisumu, stima imepotea, kompyuta imebaki na chaji ya nusu saa, na ombi lilitakiwa kesho yake adhuhuri. Namba ile ilinifuata mwaka mzima na zaidi.

Programu yenyewe ni ndogo. Inakaa kwenye simu ya karani wa chama cha ushirika cha maziwa. Mkulima analeta maziwa asubuhi, mtungi unawekwa kwenye mizani, simu inasoma uzito kwa Bluetooth, karani anabonyeza namba ya mkulima, basi. Mwisho wa mwezi hesabu ya kila mtu iko tayari. Niliianza 2021 kwa sababu mama yangu alikuwa akipeleka maziwa kwenye chama, na kila mwezi malipo yake yalipungua kidogo bila mtu kumweleza kwa nini. Niliiweka wazi kwa leseni ya MIT, yaani yeyote aichukue, aibadilishe, hata aiuze akitaka, bila kuniomba ruhusa. Kufikia 2023 vyama 4 vilikuwa vikiitumia, vitatu Vihiga na kimoja Nandi. Watunzaji tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja wa Chavakali, na tuliifanya usiku baada ya kutoka kwenye kazi za kutafuta unga.

Nianze na fedha, maana hapo ndipo maumivu yalipoanza. Mkataba tuliutia sahihi mwishoni mwa Januari 2024, dola 24,000. Siku hizo dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kila niliyemuuliza aliniambia itazidi kupanda. Nikapiga hesabu, shilingi 3,840,000, na kwa hesabu hiyo nikawaahidi vijana wawili mishahara ya mwaka kwa shilingi. Februari serikali ikanunua sehemu kubwa ya deni la Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka masoko ya nje, lililokuwa likiiva Juni, shilingi ikapata nguvu kwa kasi ambayo sikuwa nimewahi kuiona, na awamu ya kwanza ilipotufikia Aprili dola ilikuwa inacheza karibu na 130. Dola zilezile 24,000 sasa zilikuwa shilingi 3,120,000. Laki saba na elfu ishirini zimeyeyuka kabla hatujaandika hata mstari mmoja wa msimbo, yaani yale maandishi yanayoiendesha programu.

Halafu hatukuwa tumesajili kampuni wala shirika, kwa hiyo fedha zilipitia shirika jingine la kutupokelea, nalo lilichukua 10%. Si wizi, ni kazi halali. Wao ndio waliosimamia ukaguzi wa hesabu na barua za benki. Ila mimi sikuiweka kwenye bajeti. Vilevile nilisahau kwamba mtu unayemlipa kama mtaalamu lazima umkate kodi ya zuio ya 5% uipeleke KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Nilikuwa nimewaahidi vijana kiasi kamili mkononi, kwa hiyo miezi miwili ya kwanza nilifidia kutoka mfukoni mwangu, na nyumbani tulilijua hilo kwa kile kilichokosekana mezani.

Ukiwa unaandika bajeti leo, iandike kwa shilingi na uonyeshe wazi umetumia kiwango gani cha kubadilisha fedha. Acha nafasi ya 15% juu yake. Kisha mwombe mfadhili aweke kwenye mkataba kwamba kiwango kikisogea kwa zaidi ya 10%, mtakaa mpunguze au mwongeze kazi kulingana na fedha iliyopo. Nilipoomba hivyo kwa kuchelewa, katikati ya mradi, walinikubalia siku ileile. Ningeomba Januari nisingepunguza mshahara wa mtu.

Kosa kubwa kuliko hilo lilikuwa kwenye orodha ya kazi. Tuliahidi ubao wa takwimu wenye michoro ya rangi kwa ajili ya mameneja wa vyama, tukaahidi kimashine cha risiti kwa kila kituo, tukaahidi tafsiri ya lugha tatu. Sehemu ya kutunza kilichopo, yaani kurekebisha hitilafu, kujibu maswali ya makarani, kuhakikisha programu haivunjiki simu zinapopata toleo jipya la Android, niliiwekea sifuri. Niliona aibu kuomba fedha kwa kitu ambacho tayari kinafanya kazi. Nilijua habari ya OpenSSL vizuri kabisa. Kipande hicho cha msimbo kinalinda sehemu kubwa ya tovuti za dunia, na hitilafu ya Heartbleed ilipofichuliwa Aprili 2014 watu wakagundua kuwa kilikuwa kikipata michango ya kama dola 2,000 kwa mwaka na mtu mmoja tu wa kukishughulikia muda wote. Ni baada ya mshtuko huo ndipo makampuni makubwa yalipochanga kupitia Linux Foundation, shirika linalosaidia programu huria. Nilikuwa nimeisimulia habari hiyo kwa wanafunzi, na bado niliandika sifuri. Ubao wa takwimu ulitugharimu karibu laki nane. Mameneja waliufungua wiki ya kwanza tu.

Septemba 2024 nikatuma ripoti ya kati. Nilijivunia ripoti ile. Kipande cha msimbo kinachosoma mizani tulikuwa tumekitenga kikawa maktaba ya pekee, yaani kipande ambacho programu nyingine zinaweza kukitumia, na kukipandisha npm, ghala la mtandaoni la vipande vya aina hiyo, na npm inaonyesha idadi ya upakuaji. Kwa miezi mitano ilikuwa imepakuliwa mara 11,400. Nikaweka mchoro wa mstari unaopanda kama kilima cha Maragoli. Afisa wa mradi upande wa mfadhili, dada mmoja mtulivu sana, akanipigia simu akauliza swali moja: "Kati ya hizi elfu kumi na moja, ngapi ni watu?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa siku mbili nikichimba. Sehemu kubwa ilikuwa mashine. Kuna hazina za nakala ambazo hupakua kila kitu kinachopandishwa, awe anakihitaji mtu au hapana. Kuna seva za kujenga programu ambazo hupakua maktaba upya kila zinapofanya majaribio, na moja ya seva hizo ilikuwa yetu wenyewe. Tulikuwa tunajihesabu usiku kucha. Upande wa GitHub, tovuti tunakoweka msimbo wetu, nilitaka kuangalia waliotembelea na walionakili msimbo tangu Aprili, nikakuta takwimu hizo hubaki siku 14 tu kisha hufutika. Miezi mitano ilikuwa imekwenda hivyo, na hakuna wa kuirudisha. Ukianza mradi leo, siku ya kwanza kabisa tengeneza kazi ndogo ya kujiendesha inayozihifadhi takwimu hizo kila wiki. Ni saa moja ya kazi. Hazitakwambia nani amefaidika, lakini angalau zitakuonyesha mlango upi watu wanaingilia.

Oktoba nikaamua kwenda mwenyewe. Nilipanda matatu ya kupitia Kiboswa, nikashuka Mbale, nikachukua boda hadi kituoni, saa kumi na mbili na dakika chache asubuhi. Ukungu ulikuwa bado uko kwenye migomba. Wakulima walikuwa kwenye foleni na mitungi, wengine na vidumu vya plastiki vya lita tano, boda tatu zimeegeshwa zikiwa zimefungwa mitungi kwa mipira ya tairi. Karani ni mama wa miaka hamsini hivi. Simu ilikuwa mkono wa kushoto, inafanya kazi vizuri, kimashine kinatoa risiti. Na mkono wa kulia alikuwa na penseli. Kila mkulima aliyepita alimwandika kwenye daftari jeusi la kurasa 200, namba, kilo, kisha ndipo alibonyeza simu.

Nikasubiri foleni iishe. "Mama, mbona bado unaandika?"

"Mwanangu, simu yako ilinila kilo 412 za watu mwaka jana, siku moja tu ilipozima. Nililia na wakulima hapa. Daftari halijawahi kunila hata robo."

Kwenye ripoti nilikuwa nimeandika kituo hiki kinatumia programu kwa 100%. Ilikuwa kweli. Kilichokuwa kweli pia ni kwamba tangu tuilete tulikuwa tumemwongezea mama huyu kazi, maana kila kitu alikifanya mara mbili, na hakuna takwimu yoyote kati ya zile nilizokusanya ambayo ingeliona hilo. Hitilafu iliyopoteza zile kilo 412 tulikuwa tumeirekebisha zamani. Hatukuwahi kumwambia.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nilimwomba anionyeshe daftari lake. Alikuwa nayo saba, tangu 2019, kwenye mfuko wa unga. Na nyuma ya kila moja, kurasa za mwisho, alikuwa na kitu ambacho hakuna aliyemwagiza akiweke: malalamiko. Tarehe, namba ya mkulima, kilo anazodai zimepotea, na alama ya vema kama alilipwa. Tulikaa chini ya mwembe, yeye akisoma mimi nikiandika, mpaka saa sita.

Hapo lazima nieleze kilichonichoma. Ruzuku ilitaka tuonyeshe mabadiliko, na mabadiliko hayaonekani kama hukupima hali ya mwanzo. Sisi hatukupima. Baadaye nilikuja kujua kwamba jambo hili lilifanywa vizuri kwenye barabara ninayopita, miaka mingi kabla yetu. Kituo cha afya cha Mosoriot, kule Nandi ukielekea Eldoret, kiliwekewa mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa 2001. Watu wa mradi huo walisimama na saa mkononi kabla ya mfumo kuja, wakarudi kusimama tena baadaye. Wakaona ziara ya mgonjwa imefupika kwa 22%, na muda ambao mhudumu anautumia kwa kila mgonjwa umepungua kwa 58%. Mbegu hiyo ya Mosoriot ndiyo iliyozaa OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanza 2004 kwa ushirikiano wa AMPATH, mpango wa afya wa Eldoret, na Taasisi ya Regenstrief ya Indiana, ikawekwa kazini Eldoret 2006, na leo inatumika katika nchi nyingi. Kwenye ombi letu nilikuwa nimeitaja OpenMRS kama mfano wa kuigwa. Niliiga jina. Ile saa ya mkononi sikuiona.

Basi daftari la mama ndilo likawa hali yetu ya mwanzo. Kabla ya programu kuja 2022, kituo kile kilikuwa na malalamiko 14 hivi kwa mwezi. Baada ya programu, 11. Karibu hakuna tofauti, na hilo peke yake lilinivunja moyo. Lakini Julai 2024, mwezi wa kwanza mzima wa risiti, yalikuwa 37. Agosti, 41.

Mtu akiangalia namba hizo mezani atasema risiti zimeharibu. Nilimuuliza mama, naye akanijibu kama mtu anayeeleza jambo la wazi: "Zamani walikuwa hawana cha kushika. Sasa wanakuja na karatasi." Na karatasi ilikuwa inasema nini? Mizani ilionyesha 7.84, mkulima aliiona kwa macho yake, na risiti ikatoka 7.5. Nilipoandika programu 2021 niliiga desturi ya daftari, ambayo ilikuwa kukata hadi nusu kilo ya chini. Niliiweka kwenye mstari mmoja wa msimbo na kuisahau. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka miwili programu yangu ilikuwa inamkata kila mkulima kwa wastani robo kilo kila asubuhi, kimya, bila kuchoka. Ni kilo saba na nusu kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 45 ambayo chama kililipa wakati huo, ni zaidi ya shilingi 330 kwa kila mkulima. Mama yangu mzazi ni miongoni mwao. Nilikuwa nimeianza kazi hii kwa ajili ya upungufu wake, na upungufu wenyewe nikawa nimeuwekea mashine.

Nilirudi Kisumu jioni ile sikusema na mtu. Usiku tukatoa toleo jipya linaloweka uzito kama mizani ilivyousoma, nukta mbili za desimali. Siku ya tatu mwenyekiti wa chama akanipigia, hakufurahi, kwa sababu zile robo ndizo zilizokuwa zikiziba pengo la maziwa yanayomwagika na yanayoharibika. Tulikutana mara mbili na kamati. Mwishowe walikubali kulipa uzito kamili kuanzia Novemba na kukata asilimia inayojulikana kwa ajili ya upotevu, imeandikwa ukutani. Ya nyuma hawakulipa. Wakulima wengine hawajalisahau, na sidhani wanakosea.

Novemba malalamiko yalikuwa 9. Februari 2025 yalikuwa 4. Katika ripoti ya mwisho niliandika pia kwamba kipindi hichohicho chama kilinunua mizani mpya na kuajiri msaidizi wa karani, kwa hiyo siwezi kusema mabadiliko yote ni yetu. Niliogopa kuandika sentensi hiyo. Afisa aliniambia ndiyo iliyomfanya aziamini nyingine.

Kuna faida nyingine ambayo nusura ipite bila kuonekana. Desemba tulipokea rekebisho la msimbo kutoka kwa mtu tusiyemjua. Kumbe upande wa Uganda, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kikundi cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimenakili programu yetu mwaka mzima na kuigeuza ipime buni mbichi. Leseni iliwapa haki hiyo, na hawakuwa na wajibu wa kutuambia. Hapa ndipo programu huria inapotofautiana na mradi wa kuchimba visima, ambao kila kisima unajua ulikichimba wapi. Kizuri chako kinaweza kuwa kinatumika mahali usipowahi kufika. Tangu siku hiyo, juu kabisa ya faili la maelezo kuna maneno kwa Kiswahili na Kiingereza: ukiitumia, tuandikie mstari mmoja, hata kama huna shida. Vikundi vitatu vimeandika. Ni njia dhaifu, lakini imetuletea habari zaidi ya upakuaji wote ule.

Kijana wa Chavakali alipendekeza programu itutumie taarifa yenyewe kila siku, tujue nani anatumia. Ingekuwa rahisi. Lakini ndani yake kuna majina, namba za simu na mapato ya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezewi, na hata pasipokuwa na sheria nisingependa mapato ya mama yangu yapite kwenye seva ya mtu bila yeye kujua. Tuliweka kitufe. Mwisho wa mwezi kinamwonyesha karani namba mbili, wakulima wangapi na mizani mara ngapi, na yeye ndiye anayeamua kutuma au kuacha. Vyama 6 kati ya 9 hutuma.

Vyama 9, wakulima 3,170. Hiyo ndiyo namba iliyokaa mahali pa 50,000 kwenye ripoti ya mwisho. Niliitanguliza ukurasa wa kwanza, pamoja na sababu zake na picha ya ukurasa mmoja wa daftari, majina yamefunikwa. Awamu ya mwisho ilicheleweshwa wiki tano, kisha ikaja yote.

Vijana wawili tuliowaajiri waliondoka fedha zilipoisha, Machi 2025. Siwalaumu hata kidogo. Ila sehemu za msimbo walizoziandika tulikaa miezi mitatu hatuzielewi, kwa sababu sikuwa nimepanga muda wa wao kutufundisha. Kipimo ninachokiangalia siku hizi ni watu wangapi wanaweza kutoa toleo jipya mimi nikiwa nimelazwa hospitali. Ruzuku ilipoisha jibu lilikuwa mmoja. Sasa ni watatu, mmoja wao yule wa Elgon.

Tumepeleka ombi jingine, dogo, dola 9,000. Lote ni la kutunza, hakuna kitu kipya ndani yake hata kimoja. Kabla ya kulituma tulizunguka vituo vyote 9 kwa siku 12 tukiwa na saa na kalamu, tukaandika foleni inachukua dakika ngapi, malalamiko mangapi kwa mwezi, malipo yanatoka siku ya ngapi baada ya mwezi kuisha, na karani gani bado anaandika mara mbili. Wanne bado wanaandika. Mama wa Vihiga ni mmoja wao. Ameniambia atatupa nafasi mpaka mvua ndefu zipite, stima ikikatika mara tatu bila kupotea kilo yoyote, ndipo ataifikiria penseli yake.